Rimu 14 kwa Ripoti Moja: Namna ya Kuhamishia Kumbukumbu za Ofisi Kwenye Mikrofilamu

Kila mwisho wa mwezi, printa ya uhasibu pale ofisini kwetu Tanga ilianza kunguruma saa mbili asubuhi na haikunyamaza mpaka adhuhuri. Ilitoa orodha ya mishahara na leja, kurasa 200 hivi, kisha ikarudia mara ya pili na ya tatu: nakala ya mhasibu, nakala ya makao makuu, nakala ya masjala. Ya masjala ndiyo yangu. Niliifunga kwa kamba ya mkonge, nikaandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene, nikaipandisha juu ya kabati. Katika miaka 26 niliyokaa masjala, marundo yale sidhani kama niliyafungua zaidi ya mara kumi.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo pa kuanzia. Kurasa 200 mara nakala 3 mara miezi 12 ni karatasi 7,200 kwa mwaka. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo ni rimu 14 na ushee, kwa ripoti moja tu. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2 na nusu. Miaka kumi ya ripoti hiyo ni rimu 144, kilo 360 za karatasi zinazodai kabati, chumba, kufuli na mtu wa kuzihesabu. Tanga twajisifu kwamba waja leo waondoka leo; karatasi ni mgeni wa aina nyingine, ikija haiondoki.

Sasa upande wa filamu. Mikrofilamu ni filamu inayobeba picha ndogo sana za kurasa, zinazosomwa kwa mashine ya kukuza. Mkanda wa kawaida wa mikrofilamu una upana wa milimita 16 na urefu wa futi 100, yaani mita 30 na nusu. Ukurasa wa A4 ukipunguzwa mara 24 unabaki na upana wa milimita 9 hivi na urefu wa milimita 12. Ukiacha nafasi kati ya picha na picha, pamoja na vipande vitupu vya mwanzoni na mwishoni, mkanda mmoja unabeba kurasa 2,400 hivi. Ripoti yetu ya mwaka mzima, nakala moja, ni kurasa 2,400. Mwaka mmoja, mkanda mmoja, ndani ya kiboksi kinachoenea kiganjani. Miaka kumi inaingia kwenye droo moja, na nafasi inabaki.

Kabla hujatumia hata shilingi: je, ni kazi yako hii?

Wengi wakishaona hesabu hiyo wanataka kupiga filamu ofisi nzima. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Filamu inalipa kwa kumbukumbu yenye sifa mbili kwa pamoja: lazima iishi muda mrefu, na inasomwa mara chache. Ikikosa mojawapo, achana nayo. Jalada linalofunguliwa kila wiki mahali pake ni kwenye kompyuta. Risiti itakayotupwa baada ya miaka michache ikae kwenye boksi lake la karatasi mpaka siku yake ifike. Na kama kumbukumbu zako zote zinaenea kwenye kabati moja la droo nne, funga ukurasa huu ukafanye jambo jingine.

Mimi nilielewa thamani ya filamu siku alipokuja mzee mmoja, mkata mkonge wa zamani, na mkongojo wake na bahasha ya khaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja kutafuta jina langu."

Alikuwa anafuatilia mafao. Miaka yake mingi ya kazi ilikuwa ya enzi za NPF, mfuko wa akiba wa wafanyakazi uliokuwapo kabla NSSF haijaanzishwa mwaka 1997, na mkononi alikuwa na kipande kimoja tu, yaani kadi ya kazi, chenye namba iliyofutika nusu. Ilinichukua siku nne kwenye marundo. Panya walikuwa wamekula kona, mchwa wameingia kwa chini, na miezi miwili ya mwaka mmoja haikuonekana kabisa. Orodha za mishahara na majalada ya watumishi ndizo kumbukumbu za kuweka kwenye filamu: hakuna anayeziulizia miaka 20, halafu siku moja maisha ya mtu yanazitegemea.

Hatua ya kwanza: pepeta

Toa kila kitu, gawa mafungu matatu. La kwanza, yanayosomwa mara kwa mara: kwenye kompyuta. La pili, yenye muda maalumu: yaandike tarehe ya kutupwa juu ya boksi. Nyaraka za kodi, kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Kuziweka kwenye filamu inayoweza kudumu karne kadhaa ni kujenga nyumba ya mawe kwa ajili ya kulala usiku mmoja. (Kama kuna kesi au ukaguzi unaoendelea, usiguse kitu mpaka uishe.) La tatu ndilo la filamu: mishahara, majalada ya watumishi, leja kuu, mihtasari ya vikao vya bodi, ramani na michoro ya mashamba na majengo. Ramani na michoro zipige kwenye filamu ya milimita 35, maana ile ya 16 itaziminya hadi maandishi yasomeke kwa kubahatisha.

Nakala za ziada zisipigwe. Nimewahi kukuta barua moja kwenye majalada 11.

Hatua ya pili: izime printa

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo ofisi nyingi zinapoteleza. Wanachapa, wanapiga filamu ile karatasi, kisha wanaitunza karatasi kwa sababu wanaionea huruma. Hapo umeongeza gharama juu ya gharama.

Filamu haihitaji karatasi ili izaliwe. Tangu zama za kompyuta kubwa, miaka ya 1960, kulikuwa na mashine zilizochukua ripoti kutoka kwenye utepe wa sumaku na kuiandika moja kwa moja kwenye filamu. Leo kazi hiyo inafanywa kwa mafaili ya picha: mhasibu anatoa ripoti yake kama PDF, mafaili yanapelekwa kwa kampuni yenye mashine ya kuandikia filamu, mkanda unarudi. Huna haja ya kununua kamera, na kusema kweli nakushauri usinunue, maana vipuri na dawa za kusafishia vitakutesa.

Kaa na mhasibu, na mkuu wa ofisi awepo. Uliza kwa kila nakala inayochapwa: nani anaisoma, na mara ya mwisho aliisoma lini? Nakala isiyo na msomaji isichapwe tena kuanzia mwezi huo. Kwetu ya masjala ndiyo iliyokufa kwanza, na aliyeililia ni mimi peke yangu.

Hatua ya tatu: mkanda, fishi au jaketi

Mkanda unafaa kwa mambo yanayofuatana kwa tarehe au namba na hayatabadilika, kama mishahara ya mwezi baada ya mwezi.

Mikrofishi ni kipande bapa cha filamu, milimita 105 kwa 148, ukubwa wa postikadi. Cha kawaida, kilichopunguzwa mara 24, kina kurasa 98 kwa mistari 7 ya picha 14. Cha ripoti za kompyuta kilichopunguzwa mara 48 kinabeba kurasa 270, kwa hiyo ripoti yetu ya mwezi inaenea kwenye fishi moja. Uzuri wake ni kichwa cha juu: jina na tarehe vinasomeka kwa macho matupu, unachambua kama karata.

Jalada la mtumishi linakua kila mwaka, kwa hiyo tumia jaketi: mfuko mwembamba wa plastiki wenye njia za kuchomekea vipande vya filamu. Akipandishwa cheo unachomeka kipande kingine. Mtumishi mmoja, jaketi moja.

Hatua ya nne: andaa karatasi za zamani

Za mbele hazitachapwa. Lakini za nyuma zipo, na kuziandaa kutakula saa nyingi kuliko kuzipiga picha. Panga bajeti yako ukilijua hilo.

Karatasi ya masjala ina mambo yake. Pini ya stepla iliyokaa miaka 15 kwenye hewa ya Tanga imeota kutu na imeshikana na karatasi. Ukiivuta kwa haraka inaondoka na kona nzima, mara nyingi kona yenye namba ya ukurasa. Ilaze karatasi mezani, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu upande wa nyuma, mguu mmoja kisha wa pili, ndipo uigeuze na kuichomoa. Pembe zilizokunjwa zinyooshe kwa kidole, zilizopinda sana zilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha. Gundi ya karatasi usitumie mahali patakapofunika maandishi. Kisha hesabu kurasa, andika jumla kwenye karatasi ya mbele ya kila fungu. Jumla hiyo utaihitaji baadaye.

Halafu rangi. Hili lilinikuta mwenyewe. Mkanda wetu wa kwanza wa leja za zamani ulirudi safi kabisa, herufi kali, nikafurahi. Wiki iliyofuata mhasibu, binti mdogo tu lakini jicho lake jicho, akaja na daftari lake.

"Mzee, hesabu za mwaka huu hazikai sawa. Kwenye filamu kampuni ina pesa nyingi kuliko kwenye karatasi."

Makarani wa zamani waliandika hasara kwa wino mwekundu, bila alama ya kutoa. Filamu ya kumbukumbu ni nyeusi na nyeupe. Wekundu ukawa weusi, na hasara ikawa faida. Tulirudia mikanda mitatu. Siku hizi, kabla ya kupiga, pitia leja zote na uweke alama ya kutoa kwa penseli laini lakini nzito pembeni ya kila tarakimu nyekundu, na kwenye ukurasa wa mwanzo ueleze alama hizo ni za nani na za lini. Kwa ripoti mpya, mwambie anayetunza programu ya uhasibu aweke alama ya kutoa badala ya rangi. Wino wa bluu uliopauka na nakala za kaboni nazo ni wasumbufu: piga kurasa 20 za majaribio za aina hiyo kwanza.

Hatua ya tano: faharasa kabla ya filamu

Mkanda usio na faharasa ni kisima kisicho na kamba. Kila mkanda upewe namba, kila picha ipewe namba, na daftari (au jedwali la kompyuta, lakini lichapwe nakala moja, hii moja naiunga mkono) lionyeshe: mkanda 7, picha 1 hadi 203, mishahara ya Januari. Kwa mishahara ongeza namba ya kipande cha mfanyakazi, ya kwanza na ya mwisho ya kila mwezi. Laiti ningekuwa na hilo siku ya yule babu, angesubiri kwa muda wa kunywa kahawa moja.

Hatua ya sita: mkataba na kampuni ya filamu

Usikubali bei ya "kupiga filamu" tu. Andika haya kwenye mkataba.

Filamu ya awali iwe ya madini ya fedha na jelatini juu ya plastiki ya poliesta. Aina hiyo, ikisafishwa na kutunzwa ipasavyo, inakadiriwa kudumu miaka 500. Ile ya zamani, ya plastiki ya asetati, inakadiriwa miaka 100 katika hali nzuri, na hali yetu ya pwani si nzuri. Niliwahi kuitwa kusaidia ofisi moja, jina tuliache, wakanifungulia kabati la mikanda ya asetati. Kabla sijaona kitu pua ilishanipa habari: harufu ya siki, kama umefungua chupa ya achari. Filamu ilikuwa imejikunja na kuwa ngumu. Ikishaanza kutoa harufu hiyo haitibiki. Kinachobaki ni kuiwahi kwa kunakili, na kuitenga maana mvuke wake unaharakisha kuoza kwa zilizo jirani.

Wakupe nakala mbili: ya awali, isiyosomwa na mtu, na ya kazi. Ya kazi inaweza kuwa ya diazo, filamu ya kunakilia isiyo na madini ya fedha, ambayo ni rahisi na inavumilia kushikwashikwa.

Mwanzoni na mwishoni mwa kila mkanda pawe na karatasi ya kupimia ukali wa picha, pamoja na tamko lenye sahihi: nani kapiga, lini, kutoka kumbukumbu gani hadi gani, kurasa ngapi. Wapime mabaki ya dawa ya kusafishia, yaani thiosalfeti, ndani ya wiki mbili baada ya filamu kusafishwa, na wakupe cheti. Mabaki hayo ndiyo yanayoifanya picha ififie polepole bila mtu kujua.

Mishahara na majalada ya watumishi ni taarifa za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Kama mashine ya kuandikia filamu iko ng'ambo, mwanasheria asome mkataba kabla mafaili hayajaondoka.

Hatua ya saba: kagua mwenyewe

Mkanda ukirudi usiusaini siku hiyo. Uweke kwenye mashine ya kusomea, linganisha idadi ya picha na ile jumla uliyoandika mbele ya kila fungu. Soma kila ukurasa wa 50 mpaka tarakimu ndogo kabisa. Angalia kurasa zilizopishana, kidole cha mpiga picha, kona iliyokatika. Kosa likionekana, kipande kirudiwe na kiunganishwe mwishoni, na faharasa iseme hivyo.

Hatua ya nane: kutunza katika hewa ya pwani

Adui hapa ni unyevu, joto linafuata. Filamu ya kudumu inataka chumba kisichozidi nyuzi 21 na unyevu usiozidi asilimia 40 hivi. Dirisha likiwa wazi hapa Tanga, Raskazone au Chumbageni, hizo ni ndoto. Kiyoyozi peke yake hakitoshi: kikizimwa jioni ili kuokoa umeme, hewa ya bahari inarudi usiku, na kupanda na kushuka huko ni kubaya kuliko joto lililotulia. Unataka mashine ya kukausha hewa, na kipima unyevu ukutani ambacho mtu anakisoma na kuandika kila siku. Kwa mikanda michache, tumia kopo la chuma linalofunga vizuri lenye vifuko vya jeli ya silika. Vile vyenye chembe za rangi hubadilika vikishashiba maji, unavikausha kwenye oveni na kuvirudisha.

Mpira wa kufungia marundo usiguse filamu, una salfa inayoharibu madini ya fedha ya filamu. Chumba kilichopakwa rangi ya mafuta juzi kisiingizwe filamu bado. Boksi la kadibodi la kawaida nalo halifai. Tumia la plastiki salama au karatasi isiyo na asidi. Mvuke wa vitu hivi huzaa vidoa vyekundu vidogo kama vichwa vya sindano, vinavyokula herufi moja moja.

Nakala ya awali isikae jengo moja na ya kazi. Wengi wataniambia Lushoto, kwa sababu ya baridi. Lushoto ina baridi, na ina ukungu pia. Kama kampuni ina tawi Dodoma, peleka huko kwenye ukavu. Na nakala ikitoka chumba cha baridi, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo itatoa jasho kama chupa ya soda.

Mara moja kwa mwaka fungua makopo machache, nusa, tazama, andika.

Hatua ya tisa: kuagana na karatasi

Ofisi ya umma haina ruhusa ya kuteketeza kumbukumbu kwa uamuzi wake: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inataka kibali cha Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ofisi binafsi iamue kwa maandishi, kwa sahihi ya mkuu na mwanasheria. Hati za ardhi na mikataba yenye mihuri usiteketeze hata kama filamu yake inang'aa.

Mahakamani filamu si ngeni. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2007 yanataja mikrofilamu kwa jina, kwamba chapisho linalotokana nayo katika vitabu vya benki linaweza kupokelewa likithibitishwa ipasavyo. Si ajabu mabenki yakapewa nafasi hiyo: aliyeileta kazi hii ofisini ni mtu wa benki wa New York, George McCarthy, aliyebuni kamera ya kupiga hundi miaka ya 1920. Kwa ofisi nyingine nguvu ya nakala inategemea uwezo wa kuonyesha ilivyotengenezwa, ndiyo maana nakusumbua na tamko, cheti na daftari la ukaguzi. Vihifadhi pamoja.

Subiri ukaguzi mmoja wa hesabu upite salama ukitumia filamu, kisha karatasi zikatwekatwe mbele ya watu wawili wanaosaini. Usimuuzie mtu wa maandazi kwa ajili ya kufungia. Nimeshakula andazi la moto lililofungwa kwenye mshahara wa mtu.

Baada ya hapo weka daftari dogo kando ya mashine ya kusomea. Kila anayeomba kuchapiwa ukurasa kutoka kwenye filamu aandike jina, idara na idadi. Ukiona idara moja inaomba mkanda uleule kila mwezi, kumbukumbu hiyo ilipepetwa vibaya: irudishe kwenye kompyuta, kabla hawajaiwasha tena ile printa.